Sola ya mkopo imegoma? Usiache kulipa kwanza

Hapa Bweyale, Uganda, hii kitu nimeulizwa mpaka sokoni, mtu anaacha nyanya anaanza kunielezea betri yake, kwa hiyo wacha niandike mara moja. Umechukua sola kwa mkopo, hii mikopo ambayo serikali ina mkono wake ndani, mfumo umefungwa vizuri, baada ya miezi michache taa zinazima mapema, ukienda kulalamika fundi anakutuma kwa sacco, sacco wanakurudisha kwa fundi, na tarehe ya kulipa inafika vilevile. Sasa unaanzia wapi?

Mimi nasema anza na wote wawili siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na huku unaendelea kulipa. Najua hiyo ya mwisho inauma, nitaifikia.

Kwanza jua pesa inapita wapi, maana wengi wanapiga kelele kwenye mlango ambao sio. Kuna kampuni ya serikali inaitwa UECCC, ipo tangu 2009, kazi yake ni kutafutia nishati mikopo, na siku hizi zinapitia hapo pia pesa za mradi wa kusambaza umeme wa EASP, ule ambao Benki ya Dunia ilipitisha 2022, zaidi ya dola milioni 600 kwa jumla. Lakini UECCC haiji nyumbani kwako na bahasha. Inapitishia kwenye mabenki, maikrofainansi na sacco, hao ndio wanakukopesha, na mara nyingi hela huishiki kabisa, inaenda moja kwa moja kwa muuzaji wa sola. Kwa hiyo karatasi zako ni za watu wawili tofauti: mkataba wa mkopo na sacco, halafu kotesheni, risiti na waranti za muuzaji. Serikali iko nyuma huko, kwenye karatasi yako haimo. Wale wanaosema ati "hii ni ya serikali, watarekebisha tu" watangoja sana.

Yangu ilikuwa paneli, inverta na betri moja ya jeli imeandikwa 200Ah, yaani ukubwa wa umeme inaoweza kuweka. Mke wangu ana kifriji cha kuuza maji na soda, ndicho kilituingiza kwenye mkopo, ukiongeza TV na taa. Haikupita muda friji ikawa inazima saa tatu usiku. Fundi wa kampuni akaja, akaangalia angalia, akasema, "Mzee, mnatumia sana." Nikamwambia hiyo friji tuliitaja siku ya kwanza na wewe mwenyewe uliiandika kwenye kotesheni, hii hapa. Akashika simu yake akaanza kusoma meseji. Nikaenda sacco, afisa wa mikopo akanijibu bila hata kufunga faili aliyokuwa anasoma: "Sisi tulishalipa kazi, na wewe ulisaini kwamba umepokea."

Kweli nilisaini. Lakini pembeni ya saini niliandika kwa kalamu "sijaona inavyofanya usiku", na hiyo mistari ndiyo iliyokuja kunisaidia. Ile fomu ya kupokea kazi ndiyo inafungua pesa ya muuzaji, ndiyo maana wanakuletea haraka haraka jua likiwa bado kali, paneli inaleta umeme, kila kitu kinawaka, hata betri mbovu inaonekana nzuri. Ukiweza wambie warudi kesho asubuhi wachukue saini. Wakikataa, andika juu yake kile ambacho hujakiona.

Halafu nikatafuta fundi mwingine, sio rafiki wa yule wa kwanza, mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme, na nikamwomba nakala ya kibali maana bila hiyo maneno yake ni maoni tu. Yule bwana hata mita hakutoa kwanza. Aliinama akanyanyua betri peke yake, akaiweka kwenye stuli, akaniangalia. Betri ya jeli ya 200Ah ya kweli inakaribia kilo 60, akasema, hii mbona naibeba kama mfuko wa mkaa uliobaki nusu? Akakwangua lebo kwa kucha. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, 120. Nikapiga picha kabla hajamaliza kuibandua, na nyingine ya namba ya betri. Alfajiri yake akapima volti kabla jua halijagusa paneli, akaandika yote kwenye ukurasa mmoja na tarehe na saini. Nilimlipa, na hela hiyo haikuniuma hata kidogo.

Sasa barua. Usiandike hadithi ndefu ya jinsi mlivyoteseka na watoto, weka namba ya mkopo, tarehe sola ilipofungwa, ulichoambiwa utapata, unachopata, ushahidi uliouambatanisha, na unachotaka: wabadilishe, watengeneze, au warudishe pesa. Na siku za kujibu. Nakala moja kwa muuzaji, moja kwa meneja wa sacco, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama wanakataa kugonga, nenda na mwenyekiti wa kijiji, wa LC1, ashuhudie umeacha barua. Simu na voisi noti ni nzuri za kusukuma lakini baadaye kila mtu anasahau alisema nini.

Kwenye barua taja Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017. Watu wengi hawajui ipo. Inasema kwa ufupi kwamba ukimwambia muuzaji unataka kitu cha kazi gani, hicho kitu kinapaswa kuifaa hiyo kazi, na lazima kifanane na kilivyoelezwa. 120 iliyovaa lebo ya 200 haihitaji wakili kueleza. Ndiyo maana nasisitiza friji iandikwe kwenye kotesheni, kama haimo watakwambia mfumo ulikuwa wa taa na kuchaji simu.

Mkopeshaji anaingiaje wakati hakuuza betri? Anaingia kwa sababu yeye ndiye alimlipa, na muuzaji anataka wateja wengine kutoka kwake. Sacco ikimwambia "hatupitishi fomu zako zingine mpaka huyu mzee atulie", muuzaji anapokea simu hata usiku. Mimi niliomba meneja hivyo hivyo, na nikaomba pia miezi ya malipo isogezwe. Riba hawakugusa, ila walisogeza. Kama mkopeshaji mwenyewe anakuzungusha, angalia ni wa aina gani: benki inasimamiwa na Benki Kuu ya Uganda, ambayo ina miongozo ya kulinda wateja tangu 2011, na maikrofainansi zisizopokea amana pamoja na wakopeshaji binafsi wako chini ya UMRA, mamlaka inayosimamia mikopo midogo. Na kama kuna mkopeshaji anashikilia kitambulisho chako cha taifa au kadi ya ATM kama dhamana, hilo ni lalamiko lingine peke yake, kanuni za wakopeshaji haziruhusu. Kama mkopo ulitoka kwenye pesa za mradi wa Benki ya Dunia, mradi unatakiwa uwe na njia yake ya kupokea malalamiko, kwa hiyo nakala ipeleke UECCC pia, usiogope ofisi za Kampala, barua inafika na basi.

Sasa hii ya kuacha kulipa. Kila mtu anayekuja kwangu tayari ana hasira na ameshaamua, "silipi kitu kibovu." Ndugu yangu, sacco haikukopesha kwa macho yako tu, kuna wadhamini wamesaini, na ukiacha kulipa akiba yao ndiyo inaliwa, halafu kesi yako na muuzaji inageuka ugomvi wako na shemeji. Jina lako pia linaweza kuingia CRB, wale wanaoweka kumbukumbu za wakopaji, na mwaka ujao ukitaka ada ya shule kwa mkopo unaulizwa. Na kama mfumo wako ni ule wa kulipia kwa mobail mani, ukiacha wanauzima kwa mbali, na mfumo uliozimwa hauwezi kupimwa, utathibitisha vipi kwamba betri ilikuwa mbovu? Lipa, lakini kila mara andika kwenye meseji au barua kwamba unalipa huku lalamiko liko wazi.

Uingereza walikuwa na mpango wao, Green Deal, ulianza 2013, watu wanatengenezewa nyumba zisipoteze joto na mkopo unafungwa kwenye mita ya umeme, anayehamia ndiye anaendelea kulipa. Serikali ilisimamisha pesa 2015, kuna kampuni za wafungaji zilianguka, na madeni hayakuanguka nazo. Lakini angalau kanuni zao zilimpa waziri uwezo wa kupunguza au kufuta deni la mtu aliyedanganywa. Sisi mlango huo sijauona, deni letu limekaa kwenye jina la mtu, kwa hiyo muuzaji mbane akiwa bado ana duka.

Barua zikishindwa, nenda mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo. Dai lisizidi shilingi milioni 10, na sola nyingi za nyumbani hazifiki huko, hakuna haja ya wakili, unaongea mwenyewe mbele ya hakimu. Kabla ya kufungua unampa mdaiwa notisi ya siku 14. Mimi sikufika mahakamani. Notisi ilimkuta bosi wa kampuni akiwa dukani, nakala ikaenda kwa meneja wa sacco, na kabla siku hazijaisha pikapu ilikuja na betri ambayo vijana wawili waliishusha kwa shida. Hapo nikatabasamu kidogo.

Ila hawakuondoka hivi hivi. Walitaka kuchukua ile ya zamani waende, nikawaambia kaeni kwanza tuandike. Namba ya betri mpya iingie kwenye waranti, tarehe ianze upya siku hiyo, nao wasaini kwamba wamechukua ya zamani yenye lebo mbili. Waliokuwa na haraka pikapu iondoke ni wao, mimi nilikuwa nyumbani kwangu, nikaagiza chai.