Kabla hujamlipa huyo mshauri wa nyota za migahawa, soma yaliyonikuta Masaki

Mkuu, simama hapohapo. Umeandika kwamba umeshapata fremu Masaki, kule Dar kwa wenye pesa, na kuna mshauri wa migahawa anataka milioni 6 akupandishie hadhi ya pilau na samaki wa kupaka mpaka mpate nyota ya Michelin, ile alama ya migahawa bora inayotolewa na kitabu cha Wafaransa baada ya wakaguzi wao kuja kuonja. Halafu unauliza kwa nini vyakula vyetu havimo kwenye vitabu vya wakubwa, vibali vinachukua muda gani, na meza uweke za mbao au za kioo. Hiyo milioni 6 ndiyo imenitoa kitandani. Usitoe.

Mimi wa kwangu nilimlipa mwaka 2019. Labda ni huyohuyo, kabadili suti tu.

Nilikuwa na mgahawa Magomeni, viti vya plastiki, feni moja inayolia kama mbuzi. Jikoni alikuwepo mama mmoja wa Tanga, sote tukimwita Mama Mkubwa. Hapimi kitu. Ananusa tui, anamimina. Ijumaa watu wakitoka msikitini wanapanga foleni ya biriani, saa nane mchana sufuria limeshakwanguliwa. Ukichelewa unapewa maharage ya nazi, na unashukuru.

Mshauri akaja, akala sahani mbili (hilo nalikumbuka vizuri, mbili, na hakulipa), akasema chakula ni kitamu ila "hakina lugha ya kimataifa". Toa masinia. Leta sahani ndogo saba zinazofuatana. Urojo kwenye glasi ya mvinyo. Pweza vipande vitatu na nukta za ukwaju pembeni. Hamia Masaki. Nikahamia, kodi ya dola, miezi sita mkononi.

Pesa naweza kuzisamehe. Kosa lililonimaliza ni lile la jikoni. Alisema mpishi lazima awe na cheti na jina la kuandika kwenye menyu. Nikaajiri kijana aliyesomea hoteli, Mama Mkubwa nikamwambia awe msaidizi wake. Mtu aliyenijazia mgahawa miaka tisa! Wala hakugomba. Siku ya tatu akajifunga kanga yake, akachukua mwiko wake. Kumbe ule mwiko ulikuwa wake, miaka yote nadhani ni wangu. Akaniambia, "Mwanangu, mkono wangu haujazoea nukta." Akaenda.

Kijana simlaumu, alijitahidi. Alitaka mapishi ya Mama kwa gramu. Nikawa nampigia simu mama wa watu, Mama viungo kiasi gani? "Mpaka itoshe." Chumvi? "Si utaiona." Jaribu kuandika hiyo kwenye menyu.

Wateja wa Magomeni walikuja mara moja kunipa moyo. Mmoja alimaliza sahani ya nne akauliza kama chakula kimekaribia kuiva. Nao wageni wa Masaki walipiga picha na hawakurudi. Na mkaguzi wa Michelin je? Tulimsubiri. Kila mzungu aliyeingia peke yake na daftari tulimpa juisi ya bure. Mmoja tulimpa mpaka kaimati, tukamwinamia. Alikuwa fundi wa jenereta.

Miezi minane, milioni 41 zimekwenda. Mama Mkubwa kaweka mabenchi yake mtaa wa pili kutoka mgahawa wangu wa zamani, na foleni yangu ya Ijumaa iko kwake. Mimi mwenyewe hupanga.

Jambo ambalo yule bwana hakunitamkia ni hili: Michelin haina kitabu cha migahawa ya Tanzania, wala ya nchi yoyote ya Afrika. Wakaguzi hawaji! Unapamba nyumba kwa harusi isiyo na bwana harusi. Hao Michelin ni kampuni ya matairi. Ndugu wawili Wafaransa walitoa kitabu mwaka 1900 ili wenye magari wazunguke, matairi yaishe. Nyota zikaanza 1926. Siku hizi mara nyingi wanakwenda kule ambako mamlaka ya utalii imechangia gharama. Thailand ilitenga baht milioni 144 kwa miaka 5, na mwaka 2017 orodha ya Bangkok ikatoka na Jay Fai ndani yake kapewa nyota, bibi wa chakula cha mtaani anayekaanga mayai yenye nyama ya kaa juu ya moto wa mkaa kavaa miwani mikubwa utadhani anachomelea mageti. Kwa hiyo mtu asinidanganye kwamba chakula cha mtaani hakipimiki. Na vyakula vya Afrika Magharibi vimepewa nyota vikiwa London: mgahawa wa Chishuru wa mpishi Adejoké Bakare, mwaka 2024. Lagos hawajafika.

Vigezo vyao vya nyota navyo vina mambo yake. Wanataka haiba ya mpishi ionekane kwenye chakula, na ladha iwe ileile kila wakirudi. Sasa pilau bora ya Dar iko kwenye shughuli, uani, kwa kuni, akina mama sita wanasaidiana na hakuna anayesema ni yake. Mkaguzi arudi wiki ijayo aonje wapi, bibi harusi keshahamia Mbagala?

Ndiyo maana nakwambia, kabla hujagusa hata kijiko kwa ajili ya mkaguzi, muulize mshauri wako swali moja: nauli ya huyo mkaguzi kalipa nani? Akianza kukuelezea "maono", nyanyuka. Na aliyeko jikoni kwako leo, mwongeze mshahara leo, hata kabla ya kodi ya fremu. Akiwa na mwiko wake, mnunulie wa pili.

Meza weka zozote. Ila ukitaka sahani, ninazo 60, nyeupe, za pembe nne, hazijapasuka hata moja. Wali hauingii, lakini kuku wangu wanazinywea maji vizuri tu. Njoo inbox tuongee bei.