Chagua bosi kabla ya kuchagua chuo: kwa anayeutaka ukocha wa makwotabeki

Vijana wetu waliokulia huku Marekani, wale wa Dallas, Columbus na Minneapolis, hunijia na swali lile lile: nifanyeje siku moja niwe mratibu wa mashambulizi kwenye futiboli ya Kimarekani, yule anayeita mbinu, yaani kuamua timu itafanya nini, Jumamosi uwanja ukiwa umefurika? Wanatarajia niwatajie chuo. Mimi nawauliza wanataka kufanya kazi chini ya nani.

Kwanza wazazi, maana najua nao wanasoma. Futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu ni biashara kubwa. Kocha mkuu ana waratibu chini yake, mmoja wa ulinzi na mmoja wa mashambulizi. Huyu wa mashambulizi mara nyingi ndiye pia kocha wa makwotabeki, yaani vijana wanaopokea mpira mwanzo wa kila jaribio la kuusogeza mbele na kuamua uende kwa nani. Waratibu wa juu kabisa wanalipwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka. Mama yangu nilipomweleza hayo kwa simu, aliuliza jambo moja tu: "Na wakikufukuza?"

Alikuwa amegusa penyewe. Kocha mkuu kibarua chake kikiota nyasi, wasaidizi wengi wanaondoka naye, hata wale ambao idara yao ilifanya vizuri. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Januari simu za makocha hazilali. Huyu amepata kazi, yule ametimuliwa, mwingine amehama na watu wake. Katika pilikapilika hizo hakuna anayesoma wasifu wako kwa utulivu. Mtu anajiuliza nani anamjua, nani aliwahi kukaa naye chumba kimoja akaona anavyofanya kazi.

Tazama njia ya Lincoln Riley. Alifika chuo cha Texas Tech mwaka 2002 akiwa kwotabeki asiye na ufadhili, na hakwenda mbali uwanjani. Kocha mkuu Mike Leach akamfanya msaidizi mwanafunzi, baadaye akamkabidhi wapokeaji, wale wanaodaka mpira unaporushwa. Desemba 2009 Leach akafukuzwa, na kwa kawaida hapo ndipo njia ya kijana kama Riley ingekatika. Lakini Ruffin McNeill, aliyekuwa mratibu wa ulinzi kwenye benchi lile lile, alipewa timu ya East Carolina na akamchukua Riley kuwa mratibu wa mashambulizi akiwa na miaka 26. Mwaka 2015 akaenda Oklahoma kwa wadhifa huo huo, na Juni 2017 akawa kocha mkuu akiwa na miaka 33. Mmoja wa aliowaajiri mwaka huo alikuwa McNeill.

Leach mwenyewe hakucheza futiboli chuoni. Alisomea sheria, akaachana nayo, akaanzia kwenye vyuo ambavyo hata Wamarekani wengi hawavijui. Alipokutana na kocha Hal Mumme kwenye chuo cha Iowa Wesleyan mwaka 1989 wakaanza kujenga mfumo wa pasi nyingi ambao leo umeenea nchi nzima. Kwa hiyo wewe uliyecheza mpira wa miguu pekee, au hukucheza chochote, mlango haujafungwa. Utaingia ukiwa nyuma kwa mambo ambayo wenzako wameyanyonya utotoni, basi.

Ngazi ya kwanza kwa wengi ni usaidizi wa mwanafunzi wa uzamili: unalipiwa ada, unapewa posho ya kubangaiza, na unafanya kazi ambazo hakuna kamera inayozimulika. Nilipitia hapo. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuchora kadi. Unatazama video za mpinzani wa wiki hiyo, unachora anavyopanga ulinzi wake, kisha mazoezini unaiinua kadi mbele ya wachezaji wa akiba ili waige. Kijana anaiangalia kwa sekunde chache halafu anakwenda kusimama pale ulipomchora. Ukimchora hatua mbili kushoto ya mahali pake, kwotabeki wako anazoea picha ya uongo, na Jumamosi anarusha mpira mikononi mwa adui. Watu hudhani ni kazi ya utumwa. Mimi naona hakuna shule inayokufundisha ulinzi haraka kama kuuchora usiku kucha kwa kalamu za rangi huku macho yanawasha.

Kama uko hapa kwa viza ya mwanafunzi, ya F-1, simama hapa kidogo. Muhula ukiendelea, kazi ya chuoni hairuhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki, na ofisi za makocha hazijui kitu kinachoitwa saa 20. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujasaini chochote, upate majibu kwa maandishi. Kocha atakwambia "tutaona". Usikubali "tutaona".

Sasa nije kwenye kiini. Watu wanadhani kazi hii ni kubuni mbinu. Mbinu zipo tele, kila mtu anaiba za mwenzake, na hakuna anayeona aibu. Kinacholeta mshahara ni uwezo wa kumfundisha kijana wa miaka 19 au 20 aamue sawasawa huku watu wenye kilo 130 wanamfukuza. Huo ni ualimu, tena wa muda mfupi, kwa sababu msimu ukiendelea kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zinampa mchezaji saa 20 tu kwa wiki za mazoezi, mikutano na mechi vyote pamoja. Huwezi kumaliza nusu ya saa hizo ukihutubia.

Kocha niliyekuwa chini yake alikuwa hapendi kusikia "nimeelewa". Kijana akisema nimeelewa, anapewa kalamu. Namkumbuka mmoja, mkono wake ulikuwa wa hatari, mpira unatoka kama haujaguswa. Kwenye kikao cha jaribio la tatu kati ya manne, pale mpinzani anapopenda kutuma watu wengi kumvamia kwotabeki, alitikisa kichwa muda wote. Bosi akamwita ubaoni. "Ukuta wetu wa kukulinda una watu watano, mkimbiaji anakuwa wa sita. Wao wakileta saba, wa saba ni wako. Ni yupi, na mpira umeshakwenda kwa nani kabla hajakufikia?" Kijana akachora wanne bila shida, wa tano akasita, kalamu ikaganda. Bosi hakumsaidia. Alikaa akanywa kahawa yake. Tulio nyuma tukawa tunatazama viatu vyetu. Mwishowe dogo akafuta yote, akaanza upya kutoka kwa lainibeki wa kati, mlinzi wa mpinzani anayesimama nyuma ya safu ya mbele, yule ambaye ukuta mzima unahesabu kuanzia kwake, na safari hii akafika hadi saba. Jumamosi uvamizi ule ule ulipokuja, mpira ulishatoka.

Miguu ni hivyo hivyo. Macho yakihama kutoka kwa mpokeaji wa kwanza kwenda kwa wa pili, miguu nayo lazima igeuke. Akirusha huku miguu bado imeelekea kwa wa kwanza, mpira unaelea na mlinzi anaufikia. Kuliona hilo kwenye video ni rahisi. Kulirekebisha bila kumvunja moyo mvulana ambaye nyumbani kwao wanamwita nyota, hapo ndipo utajijua kama wewe ni mwalimu.

Kuita mbinu kwenyewe nitapita haraka. Una saa ya sekunde 40 kati ya jaribio na jaribio. Tangu msimu wa 2024 vyuo vya daraja la juu vimeruhusiwa kuzungumza na mchezaji mmoja uwanjani kupitia redio ya kofia, na redio inakatika saa ikibakiza sekunde 15. Wapo wanaoropoka mpaka inakatika. Bosi wangu alikuwa anasema mbinu, anaongeza neno moja la kukumbusha, ananyamaza.

Mwaka huo huo wa 2024 NCAA iliondoa ukomo wa idadi ya makocha wanaoruhusiwa kufundisha wachezaji uwanjani. Zamani wachambuzi, wasaidizi wa kuchambua video na mbinu, walikuwa hawaruhusiwi kumfundisha kijana mazoezini. Siku hizi mchambuzi anaweza kushika kundi lake, kwa hiyo usidharau nafasi yenye cheo kidogo kwa bosi mzuri. Timu ya chuo cha LSU ya 2019 ilimaliza mechi 15 bila kupoteza hata moja na kwotabeki wake Joe Burrow akarusha pasi 60 za tachidauni, bao kubwa la mchezo huu, lakini mratibu rasmi wa mashambulizi alikuwa Steve Ensminger. Joe Brady, aliyekuwa na cheo cha mratibu wa pasi, ndiye aliyetwaa tuzo ya Broyles ya kocha msaidizi bora. Na usilewe sifa: Brady huyo huyo alikwenda timu ya kulipwa ya Carolina Panthers mwaka uliofuata na Desemba 2021 akapewa mkono wa kwaheri.

Mfano wangu wa mwisho ni Ryan Grubb. Alikuwa na kocha Kalen DeBoer kwenye chuo kidogo cha Sioux Falls, kisha Eastern Michigan, Fresno State na Washington. Mwaka 2024 alikwenda timu ya kulipwa ya Seattle Seahawks, akafukuzwa baada ya msimu mmoja, na 2025 DeBoer, wakati huo kocha mkuu wa chuo cha Alabama, akampa kazi huko. Sasa hesabu umbali wa safari hizo ukiwa na mke na watoto wa shule. Zungumza na mwenzako mapema, kabla ya posa kama inawezekana, maana katika kazi hii nyumba ya kupanga inaweza kuwa busara kuliko ya kununua.

Kila Januari chama cha makocha, AFCA, kinafanya mkutano wake mkuu. Nenda, hata kama utalala chumba kimoja na wenzako wanne. Usizunguke ukigawa karatasi za wasifu. Beba video fupi uliyoikata mwenyewe, ya ulinzi wa timu moja tu, umtafute mchambuzi au kocha kijana, umwombe akuoneshe ulipokosea. Ukipata usaili, uliza mambo mawili: nani anaendesha vikao vya makwotabeki, na wasaidizi waliokutangulia kwenye kiti hicho wako wapi leo. Bosi mzuri atakutajia majina papo hapo, na pengine atakupa namba zao uwapigie.