Ukimwona nyuti bwawani wakati wa baridi, mwache

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza kwenye nyumba zenye bwawa dogo bustanini: mkimulika tochi usiku wa Januari mkaona kitu chenye umbo la mjusi kikitambaa polepole chini ya maji, msikiopoe. Huyo ni nyuti, jamaa wa vyura, na hapo ni kwake.

Nimewafuatilia kwenye bwawa letu kwa miaka sasa. Wengi hujificha nchi kavu, chini ya magogo, mawe na marundo ya majani, lakini baadhi hubaki majini. Hata watoto waliochelewa kukua hubaki humo, bado wana matamvua kama manyoya kando ya shingo. Baridi yenyewe wanaiweza. Mwili hupoa pamoja na maji, haja ya oksijeni hupungua, na ile kidogo inayopenya kwenye ngozi huwatosha. Jioni ya mvua, baridi ikilegea hadi nyuzi 5 hivi au zaidi, walio nchi kavu huanza kurudi bwawani, wengine mapema kama Januari au Februari.

Kinachowaua hasa ni kukosa oksijeni. Majani ya miti yakizama na kuoza huimaliza, na theluji ikitanda juu ya barafu, mimea ya majini hukosa mwanga wa kutengeneza nyingine. Ndiyo maana kazi yangu kubwa huifanya Oktoba na Novemba: naopoa majani kwa wavu, nayaacha ukingoni usiku kucha ili viumbe walionaswa warudi majini. Theluji ikianguka, naifagia juu ya barafu nikiwa nimesimama ukingoni. Wengi hutoboa tundu wakiamini hewa itaingia, lakini inayoingia hapo ni kidogo mno. Mwanga una faida zaidi. Nyundo na chumvi, tafadhali, viwekeni mbali kabisa.

Ukifunua gogo ukamkuta amelala, lirudishe lilivyokuwa. Na kama ni mkubwa, mweusi, ngozi ina vipele na tumbo lina rangi ya chungwa lenye madoa, huyo ni nyuti mwenye kishungi, anayeweza kufika sentimita 15 au zaidi. Sheria inamlinda: kumkamata au kuharibu makazi yake bila kibali ni kosa. Kabla ya kufukia bwawa alimo, ulizeni kwanza ofisi ya mipango ya halmashauri yenu.