Kabla hujainua gari na kuvalisha tairi za 35, piga hesabu ya difu kwanza

Kuna siku nilikuwa natoka Kabale naelekea Kisoro, huku Uganda, niko na Land Cruiser yangu ile tunaita 80, injini 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, nimeiinua inchi 4 na kuivalisha tairi za inchi 35 mpya kabisa zinanukia duka, yaani ukiiona kwenye picha unasema huyu jamaa hakuna mahali hafiki. Sasa kufika kwenye zile kona za kupanda mlima Kanaba gia ya nne ikakataa, nikashuka ya tatu, ya tatu nayo inalia tu, moshi mweusi nyuma kama nachoma tofali, halafu taksi imejaa watu na magodoro juu ya keria ikanipita. Dereva akanipigia honi ya pole. Ndio siku nilianza kuuliza watu hii resho ya difu ni kitu gani.

Wacha nieleze vile nilikuja kuelewa. Difu ni lile bonge la gia katikati ya ekseli, ndani yake kuna gia ndogo, pinioni, inazungushwa na propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu ya injini, nayo inazungusha gia kubwa, krauni. Pinioni ikiwa na meno 10 na krauni 41, basi propela inazunguka mara 4.1 ndio gurudumu lizunguke mara moja, hiyo ndio resho 4.1 na ndio gari yangu ilikuja nayo. Tairi zake za zamani zilikuwa 275/70R16, ukipima kutoka chini hadi juu ni kama milimita 791. Zile nilizoweka mimi ni 315/75R16, hizo zinafika 879. Gawanya utapata 1.11, maana yake kila mzunguko gari inaenda mbele asilimia 11 zaidi na injini ni ile ile, ni kama mtu ameingia usiku akatoa difu ya 4.1 akaniwekea ya 3.7. Gia ya tano ikawa ya kushukia mlima tu.

Halafu kuna kitu watu wa huku tunasahau, sisi tunaishi juu. Kampala penyewe ni kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Kanaba ni zaidi ya 2,000. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kwa sababu hewa ni nyepesi, dizeli inaingia ile ile lakini hewa ya kuichoma haitoshi, ndio ule moshi. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeshapoteza moja ya tano ya nguvu kwa ajili ya mlima halafu nikajikata mwenyewe karibu asilimia 10 ya mvuto wa magurudumu kwa ajili ya urembo. Mtu wa Mombasa akikwambia tairi 35 hazina shida kwa 1HZ, muulize amewahi kupanda Kisoro na mzigo.

Na hiyo dashibodi inadanganya pia. Ikisoma 50 unaenda 55, na kilomita 100 za dashibodi ni 111 za barabarani, mimi nilikuwa nalalamika gari imeanza kunywa mafuta vibaya kumbe sehemu ya ulevi ilikuwa ni hesabu tu, kilomita zilikuwa hazihesabiwi zote. Breki nazo zinachoka kwa sababu gurudumu limekuwa refu na zito na diski ni zile zile. Kushuka na lo, yaani zile gia nzito za mwendo wa polepole, gari haijizuii kama zamani, unajikuta unakanyaga breki mahali ambapo mwanzo ulikuwa unaacha injini ishike.

Sasa hii ya kuinua. Naomba hapa mnisikilize vizuri maana ndio pesa nyingi inapotea. Kwa gari ya ekseli nzima kama 80, springi ndefu zinainua bodi na chesisi PEKE YAKE. Difu haipandi hata milimita moja! Difu inapandishwa na tairi tu, na inapanda nusu ya kile tairi imeongezeka, kwa hiyo zile milimita 88 zangu zilinipa 44 chini ya difu, basi. Springi ni za kutengenezea tairi nafasi isile fenda, na za kubeba mzigo. Anayeinua inchi 4 na kubaki na tairi za kawaida amenunua ngazi ya kupandia gari yake mwenyewe.

Na inchi 4 zinakuja na ndugu zake. Ekseli ya mbele inajizungusha kidogo, kasta, yaani ule mlalo wa gurudumu la mbele unaolirudisha kunyooka, inapungua, stelingi inakuwa haitaki kurudi yenyewe, mimi kwenye barabara ya Masaka nikifika 90 nilikuwa naendesha kama mtu anakimbiza kuku, kushoto kulia kushoto, mpaka nilipoweka bushi za kurekebisha kasta. Panadi, ile fimbo inayoshika ekseli isiende kando, inavuta ekseli upande mmoja. Paipu za breki zinakuwa fupi, gurudumu likining'inia zinavutika kabisa, hizo badilisha siku hiyo hiyo usingoje. Propela inapiga kelele kwa sababu pembe zimebadilika. Inchi 2 zingenipunguzia karibu yote hayo.

Dawa ya difu nayo nilihesabu hivi: 4.1 mara 1.11 inakuja 4.55, na kuna seti za 4.56 zinauzwa kwa hii gari, yaani inarudi pale pale ilipotoka kiwandani. Nilizunguka Kisekka, soko la spea Kampala, siku tatu, kule nilipata 4.1 kibao, 4.56 hakuna, ikabidi niagize nje. Makanika mmoja akaniambia, "Bosi, weka ya nyuma kwanza, ya mbele utaweka ukipata pesa." Nilikaribia kukubali! Dereva mmoja mzee aliyekuwa amekaa pale anangoja gari yake akacheka akasema kijana wangu, ukifanya hivyo utanunua na transfa, lile boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Na ni kweli, resho ya mbele na nyuma LAZIMA zifanane. Hii yangu inavuta magurudumu yote wakati wote, kwa hiyo ingeanza kujisaga siku hiyo hiyo, difu ya kati iliyo kwenye transfa ingezunguka bila kupumzika, na nikiifunga ningevunja kitu.

Kufunga krauni mpya sio kazi ya kukisia na mkono. Makanika wa kwanza alinifungia hivyo, nikitoa mguu kwenye mafuta difu inalia wuuuu, baada ya safari moja oili imekuwa nyeusi inanuka kuungua. Wa pili alikuja na geji yake, nafasi kati ya meno akaipima sehemu za mia za milimita, akapaka rangi kwenye meno aone yanagusana wapi, akaongeza shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, akafungua tena, siku nzima kwa difu moja. Makanika asiye na hiyo geji usimpe difu yako hata kama ni shemeji yako. Safari za mwanzo ziwe fupi, iache ipoe, halafu mwaga oili mapema.

Je nafurahia sasa? Ndio, inapanda vizuri. Lakini ukijumlisha krauni mbili na beringi na ufundi mara mbili, nimelipa karibu pesa ya tairi tena. Ningekuwa naanza leo ningeweka 285/75R16, hizo ni asilimia 5 tu kubwa kuliko zangu za zamani, springi za inchi 2, difu naiacha. Angalia Land Cruiser za mashirika zinazoshinda kwenye tope jeusi la Karamoja, nyingi ni 7.50R16 nyembamba na springi za kiwanda, na dereva anajua kupunguza upepo wa tairi.

Mdogo wangu ana Prado na ameanza kuniuliza bei za springi. Hiyo ya mbele haina ekseli nzima, ukizidisha inchi 2 shafti zinakaa kwa pembe mbaya, mpira wake unachanika, vumbi linaingia, kwisha. Nimemwambia hata hizo 285, kabla hajalipa zote aombe muuzaji amfungie moja tu mbele, apandishe gurudumu hilo kwenye ukingo wa barabara, akate stelingi mpaka mwisho kulia halafu kushoto, asikilize kama tairi inagusa.