Waya wa spika hauna haja ya kuzoeshwa

Ukinunua waya mpya wa spika huenda ukaambiwa uupigishe muziki saa 100 au 200 kwanza, ndipo sauti "ifunguke". Mimi nasema funga waya, washa muziki, sikiliza leo hii. Shaba haizoei muziki. Ukinzani wake wa leo, yaani kiasi inachozuia umeme, ndio wa mwezi ujao. Kinachozoea ni sikio lako, na hilo huzoea hata waya mbovu.

Anayebisha ajaribu hivi: akae sebuleni, mtu mwingine abadilishe nyaya nyuma ya pazia, mpya na iliyokwisha kupiga sana, bila kumwambia ipi ni ipi na bila kugusa sauti. Aandike anachosikia, kisha walinganishe.

Pesa na muda wako viende kwenye unene. Spika ikiwa mita 10 kutoka kwenye amplifaya, umeme unapita mita 20, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 utakuwa na ukinzani wa karibu omu 0.7 (omu ni kipimo cha ukinzani), ule wa 2.5 ni omu 0.14 tu. Kwa spika ya omu 4 tofauti hiyo ni kubwa, na mara nyingi besi ndiyo inayolegea. Tena kwangua uzi mmoja kwa wembe kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Si kwamba haifai kabisa, ila inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, kwa hiyo chukua nene zaidi, na usilipe bei ya shaba.

Sisi tunaokaa na upepo wa ziwa hapa Mwanza, Kirumba, Igombe na kwingineko, tuangalie ncha. Waya kweli hubadilika na muda, lakini kwa ubaya: shaba iliyo wazi hupata weusi, baadaye ukijani, na pale ilipobanwa mguso unakuwa dhaifu. Sauti inakwaruza au spika moja inakatika. Zima amplifaya, kata ncha iliyochakaa, menya upya, sokota nyuzi vizuri, kaza. Uzi hata mmoja usichomoze ukagusa tundu la pili. Amplifaya nyingi huungulia hapo.

Halafu chanya na hasi. Spika moja ikifungwa chanya kwenye hasi, hizo mbili zinasukumana kinyume, besi inapotea na sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka wapi. Ukisikia hivyo kwenye waya mpya usiungoje ufunguke. Fuata ule mstari ulio kwenye ganda la waya mpaka nyuma ya spika zote mbili.

Spika mpya ndiyo hulainika kidogo, kwa sababu ina mpira na kitambaa vinavyocheza. Nayo haihitaji ibada yoyote. Pigia nyimbo unazozipenda, kwa sauti ya kawaida.