Mwanao Anasomea Nyumbani? Anza na Tovuti Tatu, Si Thelathini

Mzazi anayeanza kumsomesha mtoto nyumbani hasumbuliwi na uhaba wa masomo ya bure mtandaoni. Anasumbuliwa na wingi wake. Jioni moja ya kutafuta inamwachia orodha ndefu ya tovuti. Wiki ya pili mtoto ana akaunti kumi, hajamaliza mada hata moja, na mzazi ameanza kuamini kwamba hana kipaji cha kufundisha. Kipaji anacho. Mtaka yote hukosa yote, basi.

Mpangilio unaodumu ni mdogo: tovuti moja ya hesabu, moja ya kusoma, moja ya sayansi, na daftari la karatasi. Daftari ndilo linalobeba masomo. Tovuti inaeleza na kusahihisha, lakini mtoto anajifunza pale mkono wake unapoandika hatua alizozifikiria mwenyewe.

Kabla ya yote, ujue sheria ya nchi uliyopo. Kuna nchi zinazoruhusu moja kwa moja, nyingine zinataka usajili au ukaguzi, na Ujerumani inamtaka mtoto awe shuleni isipokuwa kwa sababu za nadra sana. Pata jibu la maandishi kutoka ofisi ya elimu kabla ya kumtoa mtoto shule. Kisha tafuta mtaala rasmi wa darasa lake, uchape orodha ya mada tu, kurasa mbili au tatu, uibandike ukutani. Bila orodha hiyo, tovuti ndiyo itakayoamua mwanao asome nini, na tovuti haijui atafanya mtihani gani.

Bure ya kweli na bure ya mtego

Tovuti ikikuomba namba ya kadi ya benki ili "ujaribu bure" siku 7 au 14, hiyo si bure. Ni duka lililoacha mlango wazi. Nyingine hazidai pesa, ila zinajaza matangazo kando ya zoezi, na mtoto wa miaka saba hawezi kutofautisha kitufe cha "endelea" na tangazo lenye umbo hilohilo. Kipimo chepesi ni hiki: ingia bila kujisajili, fungua zoezi la tatu au la nne kwenye mada moja, uone kama bado linafunguka. Tovuti nyingi za biashara hufunga mlango hapo.

Zile za mashirika yasiyo ya faida na za vyuo vikuu ndizo za kuanzia. Unapomfungulia mtoto akaunti, tumia barua pepe yako, jina la utani, na usiweke picha. Umri usidanganye. Akaunti za walio chini ya miaka 13 mara nyingi huzimiwa sehemu za kuwasiliana na wageni, na ulinzi huo unaupoteza ukimwandika mtoto kuwa mtu mzima ili usajili uende haraka.

Hesabu: Khan Academy, lakini kwa utaratibu

Khan Academy ni ya bure kabisa, haina matangazo, na inaanzia kuhesabu hadi hesabu za chuo. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 8 kuna programu yake ya pembeni, Khan Academy Kids. Kosa la kwanza la wazazi ni kumweka mtoto kwenye darasa linalolingana na umri wake. Mweke darasa moja au mawili chini. Mpe lile jaribio la kozi nzima lenye maswali 30, kwa siku mbili kama anachoka, bila msaada wako. Matokeo yake yanakuonyesha mada zenye pengo, na hizo ndizo zitakazokuwa masomo ya mwezi wa kwanza. Mtoto aliyekwama kwenye kugawanya, mara nyingi tatizo lake lilianzia kwenye kuzidisha.

Jifunze mfumo wa alama wa tovuti hiyo ili usidanganyike. Mtoto akipata asilimia 70 kwenye zoezi anahesabiwa kuwa ameifahamu mada kidogo; akipata maswali yote anapanda ngazi ya pili; ngazi ya juu haipatikani mpaka apite tena kwenye jaribio la sura au la kozi. Akibonyeza kidokezo, swali linahesabiwa amekosa. Watoto wakishagundua hilo huacha vidokezo na kuanza kubahatisha kwenye maswali ya kuchagua. Dawa yake ni daftari: hakuna jibu linaloingizwa kwenye skrini kabla ya hatua zake kuonekana kwenye karatasi.

Tuseme mtoto ameulizwa theluthi moja kujumlisha robo moja, naye ameandika 2/7. Skrini itamwambia amekosa, basi. Itampa video, ataitazama, ataona kama ameelewa, kisha ataandika 2/7 tena kesho kutwa. Zima skrini. Chora mistatili miwili iliyolingana. Wa kwanza ugawe kwa mistari miwili ya wima, upate vipande vitatu, upake rangi kimoja. Wa pili ugawe kwa mistari mitatu ya mlalo, upate vinne, upake kimoja. Muulize: vipande hivi viwili vinalingana? Haviwezi kuhesabiwa pamoja, maana kimoja ni kikubwa kuliko kingine. Sasa kila mstatili uwekee na mistari ya mwenzake. Yote miwili ina vipande 12. Wa kwanza una 4 vyenye rangi, wa pili una 3. Jumla 7/12. Dakika kumi za penseli zimefanya kazi ambayo video tano zisingeifanya, kwa sababu mtoto ameona kwa nini namba za chini hazijumlishwi.

Video nazo zina kanuni yake. Msimamizi asimamishe mfano kabla jibu halijatolewa, mtoto aumalize mwenyewe kwenye daftari, ndipo video iendelee. Video mbili kwa kipindi zinatosha. Na ujue kwamba mfululizo wa masomo hayo umepangwa kwa shule za Marekani: utakutana na inchi, maili na sarafu zao. Maswali hayo yaruke, mtungie yako kwa vipimo anavyovitumia mtoto.

Kusoma

Hapa utajiri upo, na wengi hawaujui. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza mwaka 2015, nayo ina hadithi za Kiswahili na mamia ya lugha nyingine. Zote mbili zinakuruhusu kupakua na kuchapa vitabu.

Ngazi ndizo za kuangalia. African Storybook ina ngazi tano. Ya kwanza ina neno moja au sentensi fupi kwa ukurasa, ya tano ni ya mtu mzima kumsomea mtoto. StoryWeaver ina nne. Usimpangie ngazi kwa umri. Mpe ukurasa mmoja asome kwa sauti, huku ukikunja kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano kwenye ukurasa wenye maneno hamsini hivi, kitabu ni kigumu. Shuka ngazi moja. Hakuna hata kidole kimoja, panda. Kitabu kimoja kisomwe siku tatu mfululizo: siku ya kwanza mnasoma pamoja, ya pili anasoma peke yake kwa sauti, ya tatu anafunga kitabu na kukusimulia. Kusimulia ndiko kunakoonyesha kama ameelewa au ametamka tu.

Hadithi zilizotafsiriwa na watu wa kujitolea huwa na makosa ya lugha hapa na pale. Kisome kitabu wewe kwanza. Ukiona kosa, lisahihishe kwa kalamu kwenye nakala uliyochapa.

Mtoto mkubwa anayesoma Kiingereza ana Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971 na sasa ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo haki zake za kunakili zimekwisha Marekani. LibriVox inazo sauti za vingi kati ya hivyo. Kusikiliza huku macho yakifuata maandishi kunamsaidia sana mtoto ambaye matamshi ya Kiingereza yanamchanganya.

Sayansi: aseme kwanza, abonyeze baadaye

PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Ni majaribio ya kuigiza: umeme, mwanga, nguvu, atomi, hata sehemu za hesabu. Hakuna kujisajili, na mengi yanapakuliwa yakatumika bila intaneti.

Ukimwacha mtoto peke yake humo, atacheza. Atafurahi, lakini hatabaki na kitu. Chukua lile la kuunda sakiti za umeme. Aunganishe betri, waya na balbu moja iwake. Sasa kabla hajaongeza balbu ya pili kwenye njia ileile, aandike kwenye daftari: zitawaka zaidi, sawasawa, au zitafifia? Ndipo aongeze. Zinafifia. Halafu balbu hiyo ya pili aiwekee njia yake mwenyewe hadi kwenye betri, tena baada ya kuandika utabiri. Safari hii kila moja inawaka kama ilivyowaka peke yake. Mwisho aunganishe waya mtupu kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, aone moto ukitokea kwenye skrini. Hapo mweleze kwa nini hagusi nyaya za ukutani. Ukipata betri ya volti 1.5 na balbu ndogo ya tochi, rudieni lile la kwanza mezani, kwa vitu vya kushika.

Kwa anayependa kompyuta, Scratch, ya kujifunza kuandika programu, iliyobuniwa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, inafaa kuanzia miaka 8, ina toleo la kusakinisha na inaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Wa miaka 5 hadi 7 wana ScratchJr. Iwe zawadi ya kazi iliyokwisha, mara mbili kwa wiki.

Intaneti ikiwa ya kupimia

Bando likiwa dogo, usikate tamaa. Programu ya Kolibri, ya shirika la Learning Equality, ilitengenezwa kwa ajili hiyohiyo. Unaisakinisha kwenye kompyuta moja, unafungua akaunti ya msimamizi, kisha unaingia sehemu ya chaneli na kupakua masomo siku yenye intaneti nzuri. Baada ya hapo simu na tableti zilizo kwenye Wi-Fi ileile zinaingia kwa kuandika anwani ya kompyuta hiyo na namba 8080, hata kama ruta haina intaneti. Wewe kama mwalimu unapanga masomo na majaribio, na unaona nani amefanya nini.

Kinachoharibika mara nyingi ni kubonyeza chaneli nzima. Chaneli ya Khan Academy ya Kiingereza peke yake inakula makumi ya gigabaiti, diski inajaa, upakuaji unakatika katikati. Weka alama kwenye mada za miezi miwili tu.

Programu ya Kiwix nayo inakupa Wikipedia bila intaneti. Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye simu bila shida. Ya Kiingereza yenye picha inafika gigabaiti 100 au zaidi, kwa hiyo chagua ile ya Kiingereza rahisi. Kadi ya kumbukumbu iliyopangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili, hukataa faili moja linalozidi gigabaiti 4 hata kama nafasi ipo. Ihamishe kadi kwenye exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, kwanza, baada ya kunakili vilivyomo, maana kuipanga upya kunafuta kila kitu.

Kisichopatikana bure

Hakuna tovuti ya bure inayosahihisha insha ya mtoto kama inavyostahili. Kazi hiyo ni yako. Sentensi tatu kila siku kwa mtoto wa miaka saba, aya moja kwa wa miaka tisa, ukurasa mmoja mara mbili kwa wiki kwa wa kumi na mbili. Sahihisha kosa la aina moja tu kwa siku: leo herufi kubwa, kesho nukta. Daftari likijaa wino mwekundu, mtoto huanza kuandika machache ili akosee machache.

Kuhusu muda, mtoto wa miaka 6 au 7 saa moja na nusu ya masomo ya kukaa inamtosha, na nusu saa tu kati ya hiyo iwe ya skrini. Wa miaka 10 apate saa tatu, skrini isizidi moja. Wazazi wengi hujaribu kuiga ratiba ya shule ya saa sita, na ndani ya mwezi nyumba nzima imechoka. Shuleni muda mwingi huenda kwenye kupanga mstari, kunyamazisha darasa na kusubiri wenzake. Nyumbani haupo huo.

Kila Ijumaa weka tarehe kwenye kazi moja ya kila somo, uitunze kwenye faili. Mkaguzi akija, au mtoto akirudi shuleni, faili hilo litaeleweka kuliko picha za skrini zenye nyota na beji.

Na mtihani wa taifa usiungoje ukukute. Mtoto akifika miaka 11 au 12, uliza baraza la mitihani mambo matatu: kama linapokea watahiniwa wa kujitegemea, usajili hufungwa mwezi gani, na masomo ya vitendo hufanyiwa wapi. La tatu ndilo huwakwamisha wengi. Mtihani wa kemia wa vitendo unahitaji maabara na msimamizi anayetambuliwa, na kituo cha kukupokea hutafutwa mwaka mzima kabla.