Sayansi ya vakansi (likizo) kwa sisi watu wa sheria, usiikimbie

Juzi mdogo mmoja anayesoma komasi (biashara) kwenye koleji huko Marekani ameniandikia inboksi: "Yaya, wananilazimisha somo la sayansi lenye labo (mazoezi ya maabara), nilifanye kiangazi ama ningoje muhula?" Huko kwao ndio utaratibu kwenye vyuo vingi, hata ukisoma muziki utagusa sayansi kidogo kabla ya diploma, na kiangazi wanabana muhula wa kama wiki 15 kwenye wiki tano ama nane hivi.

Fanya kiangazi. Mimi nilipitia humo.

Niko mtu wa sheria, hapa hapa Goma, Kongo. Nyiragongo, volkano yetu, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na ile fujo ya kukimbilia Sake na Gisenyi magodoro kichwani, baadaye kukatokea kozi fupi ya vakansi juu ya volkano na ziwa, nikajiandikisha. Siku ya kwanza asistenti mmoja anatuangalia, anauliza mbele ya watu wote: "Na hawa wa sheria, wamekuja kushitaki Nyiragongo?" Oditwari nzima ikacheka. Mpaka leo haijanitoka, na asiniambie mtu eti ilikuwa mzaha.

Mwanzo naruka, ilikuwa sillabus na usingizi. Siku iliyonishika ni ile ya mazuku, njia ya Sake. Kila mtoto wa Goma ameambiwa mazuku ni upepo mbaya, usilale bondeni, basi, hakuna anayeeleza. Asistenti mwingine, huyu wa roho nzuri, akafunga mshumaa kwenye waya akateremsha pole pole ndani ya shimo, juu unawaka vizuri, kufika usawa wa goti pap, umezima. Akawasha tena, ukazima pale pale. Nikaelewa juu ya nini mbuzi anakufa na mwenye mbuzi amesimama pembeni mzima. Halafu hesabu: mazuku ni kaboni dioksidi, uzito wa molekuli yake 44, wa hewa ya kawaida kama 29, gawa, unapata gesi yenye uzito wa mara moja na nusu, ndio maana inalala chini. Hesabu ya duka, bana! Na hiyo ndiyo tunakimbia miaka yote.

Gesi hiyo hiyo iko ndani ya maji ya chini ya ziwa Kivu pamoja na metani, gesi inayowaka, na hiyo metani upande wa Karongi Wanyarwanda wanaitolea umeme, megawati 26. Pale nikajiuliza, ziwa la nchi mbili, Kongo na Rwanda, gesi ni ya nani? Swali hilo ndilo likawa memwari yangu ya sheria, ile kazi ya utafiti ya kumaliza chuo, na kwenye kozi nilipata 16 juu ya 20, wale wa kucheka wengine walirudia.

Kwa hiyo mdogo wangu, chagua sayansi ya kitu unachokiona mahali unapoishi, mto wenu, hewa yenu, usichukue kwa sababu eti ni rahisi. Labo usikose hata moja. Narudia, usikose, juu kwenye kozi ya wiki tano ukilala wiki moja umepoteza wiki tatu za muhula. Vijana tunapenda diploma bila kuchafua mikono, tuache hiyo tabia. Na ile kazi ya siku nzima uliyoniambia umepata dukani, omba wakupunguzie masaa kabla hujalipa pesa ya somo, maana labo nyingine zinakula mchana wote.